Kichupa cha Achari ya Limau

Temima Rosenhaus alikuwa mtoto mwoga tangu nilipomjua, na nilimjua kabla hajaota meno. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa kuitwa mbele ya sinagogi kupokea pipi pamoja na watoto wenzake. Kwa hiyo alipotimiza miaka kumi na sita akaja mlangoni kwangu kusema anataka kuingia kwenye mafunzo yetu ya utafiti, nilimcheka. Simcheki tena.

Mafunzo yenyewe ni hivi. Kila mwaka tunachagua wasichana wanane wa Kiyahudi wa shule za sekondari, kutoka Boston na mitaa ya kaskazini yake. Jumapili asubuhi wanakuja chuo kikuu, kwenye kituo cha utafiti wa wanawake, na sisi vikongwe tunawafundisha kuuliza maswali ambayo mama zao hawakuthubutu kuyauliza. Kila msichana anachagua jambo lake, anatafuta wanawake wa kuwahoji, anawasikiliza, anaandika. Mtaani hutuita "wale wa haki za wanawake," na wanavyolitamka utadhani wameng'ata mbegu ya limau. Sawa, ndio sisi. Mimi nilikuwa mtakwimu wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja, nikihesabu watoto wanaozaliwa Massachusetts, na katika miaka yote hiyo sikuona fomu hata moja iliyomuuliza mama wa mtoto hali yake. Nilipostaafu nikaona niulize mwenyewe.

Kanuni ya kwanza ninayowafundisha ni kwamba mtu aliyekuamini akakusimulia maisha yake, jina lake ulizike. Tena si jina tu. Badilisha kazi yake, mtaa wake, umri wake, rangi ya nywele zake. "Atakayesoma," huwa nawaambia, "asiweze kumnyooshea mtu kidole dukani." Wasichana hulirudia neno hilo kwa kuniigiza sauti, wakidhani sisikii.

Temima alichagua jambo zito kuliko umri wake. Kwetu sisi mwanamke haachiki mpaka mume, kwa hiari yake mwenyewe, ampe hati ya talaka mbele ya marabi watatu. Hukumu ya mahakama ya serikali haitoshi. Mume akigoma, mwanamke anabaki hapo hapo, si mke, si mtalaka, na hawezi kuolewa na mwingine. Wapo waliokaa hivyo miaka miwili, wapo waliokaa ishirini. Temima alitaka kujua siku zao zinapitaje.

"Sheria sitaki, Bi Nechama," aliniambia. "Za sheria wameshaandika wanaume mpaka wamechoka. Mimi nataka kujua Ijumaa saa tisa wanafanya nini."

Alipata wanawake saba. Wa saba alikuwa Shulamit Adelstein.

Shulamit alikuwa mwalimu wa chekechea, mtoto wa watu waliotoka Moroko, na alikaa mitaa mitatu kutoka kwangu. Mumewe, Gershon, alikuwa amehamia New Jersey na alikuwa amemnyima talaka kwa miaka minne. Mama yake Gershon, Mama Gittel, alibaki hapa hapa. Hukaa safu ya pili upande wa wanawake, na hakuna karatasi inayopita mbele yake bila kusomwa, hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya sakafu. Majira yale ya baridi, baada ya marabi kumbembeleza na kumtisha, Gershon alikubali. Siku ikapangwa: Jumatatu, saa tatu asubuhi, Boston. Ila alitoa sharti moja. Akisikia amesemwa popote, kwa mdomo au kwa maandishi, hatatokea, na safari hii hatarudi tena mezani.

Shulamit alikuwa ameshahojiwa na Temima kabla ya hapo. Angeweza kumwambia afute yote. Badala yake alimshika mkono akasema, "Andika. Wengine wayajue. Lakini nisijulikane, mwanangu. Nakukabidhi shingo yangu."

Temima akaficha kila kitu. Mwalimu wa chekechea akawa karani wa hospitali. Miaka minne ikawa sita. Nywele nyeusi zikawa za rangi ya shaba, na jina likawa Bi Yiska. Kisha akaanza kurasa zake mbili hivi:

"Siku ya Purimu, sikukuu ya kupelekeana vyakula, Bi Yiska hupeleka sahani thelathini za zawadi. Kila sahani ina kichupa cha achari ya limau, alivyofundishwa na mama yake, kimefungwa uzi wa sufu wa buluu shingoni. Hupeleka hata kwenye nyumba ambazo hazimwaliki tena, ili asiwepo wa kusema amevunjika. Lakini Ijumaa saa tisa hukaa karibu na simu. Ndiyo saa ambayo mama mkwe wake alimpigia kumtakia Sabato njema, miaka tisa bila kukosa. Tangu aondoke kwa mume, simu haijalia. Bado hukaa."

Pembeni ya maneno hayo, kwa wino mwekundu, niliandika: "Safi sana. Hapa namwona mtu." Siku hiyo hiyo nilipoandika, kichupa kile kilikuwa ndani ya friji langu nyuma ya mayai, na uzi wake wa buluu. Daktari amenikataza chumvi, kwa hiyo kila mwaka nakipokea, nakisukuma nyuma, nakisahau. Watu husema siri ya mtungi aijuaye kata. Ya kichupa hiki ilijulikana na mtaa mzima, isipokuwa wasomi wawili waliokuwa na kazi ya kuitunza.

Kazi za wasichana wote wanane zilichapwa kwenye kijitabu kimoja. Ijumaa asubuhi vijitabu arobaini viliwekwa mezani kwenye ukumbi wa sinagogi letu, ili watu wavisome Jumamosi, na Jumapili waje chuoni kuwasikiliza wasichana.

Ijumaa hiyo hiyo mama yake Temima alimwamuru asafishe friji. Pasaka ilikuwa imekaribia, na nyumba zetu wakati huo husuguliwa mpaka kwenye nyufa. Alitoa siagi, akatoa haradali, akatoa figili iliyokauka. Halafu akatoa kichupa.

Alifika kwangu akikimbia, jua limeshazama na mimi nimeshawasha mishumaa. Koti lilikuwa wazi, viganja vimelowa na vinanuka siki.

"Bi Nechama, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Kaa kwanza, unanimwagia theluji."

"Fungua friji lako."

"Friji langu lina nini?"

"Fungua tu, nakuomba."

Taa ya friji nilikuwa nimeshailegeza, kama kila Ijumaa, maana siku ya Sabato haturuhusiwi kuwasha taa, kwa hiyo nilipapasa gizani. Nikagusa maziwa. Nikagusa mayai. Nyuma ya mayai vidole vyangu vikakuta sufu.

Nilipogeuka, mtoto alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri jibu la vipimo. Nilitaka kumwambia si kitu. Sikuweza.

"Mama Gittel anacho kama hiki," akasema. "Hupelekewa kila mwaka. Atasoma kesho."

"Najua."

"Atamwambia Gershon. Na Jumatatu..."

"Najua, Temima."

Sabato ilikuwa imeingia. Asiyekaa kwetu hawezi kujua jinsi siku hiyo, ambayo ni raha yetu, inavyoweza kukufunga mikono. Simu hatupigi. Gari hatuendeshi. Kalamu hatushiki.

"Twende tukavichane," akasema.

"Kuchana karatasi siku ya Sabato?"

"Basi tuzifute zile kurasa kwa kalamu."

"Temima."

"Basi tuvibebe vyote tuje navyo hapa."

"Uzi wa mtaa umekatika."

Uzi wa mtaa ni ule unaozunguka nyumba zetu juu ya nguzo, na ndani ya mzunguko wake tunaruhusiwa kubeba vitu siku ya Sabato. Theluji ya usiku wa Alhamisi, theluji ya mwisho ya mwaka, ilikuwa imeukata karibu na reli, na tangazo lilikuwa limetolewa tangu mchana: asibebe mtu kitu nje ya nyumba, hata leso.

"Kuokoa roho kunaruhusu kuvunja Sabato," akasema. "Hii si kuokoa roho?"

Nilimwambia kwamba kuvihamisha vijitabu ndani ya jengo lile lile hakukatazwi. Tungevificha. Lakini kwa sababu ya theluji sala ya jioni ilikuwa imefanywa haraka na milango ilishafungwa, na isingefunguliwa mpaka saa mbili unusu asubuhi. Nilimrudisha kwao. Nilikula samaki wangu peke yangu. Niliogopa kwa ajili ya Shulamit. Niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa ule wino mwekundu, na hilo lilinitia aibu.

Asubuhi nilimkuta Temima kwenye ngazi za ndani za sinagogi, amekaa, viatu vimelowa, uso hauna damu. Kule chini pana sanduku tunalowekea vitabu vitakatifu vilivyochakaa, vikisubiri kuzikwa makaburini kama watu. Hakuna anayechokoa humo. Alikuwa amevitia vijitabu humo, chini ya zaburi zilizoraruka.

"Vyote?" nikamuuliza.

"Nilivibeba mara mbili. Nilipokuwa huku chini na fungu la kwanza..." Akameza mate. "Thelathini na tisa, Bi Nechama. Nimevihesabu mara tatu."

Tukapanda juu. Mama Gittel alikuwa kwenye kiti chake safu ya pili, fimbo imeegemezwa pembeni, miwani puani. Huwahi kuliko wanawake wote ili apate kulalamika kwamba ukumbi una baridi. Mikononi alikuwa na kijitabu.

Tulikaa safu ya tano. Wanaume kule mbele wakaanza kusoma Torati, na mimi sikusikia hata aya moja. Nilimtazama bibi yule akilamba kidole na kufunua. Msichana wa kwanza, aliyeandika juu ya makocha wa mpira. Wa pili. Wa tatu. Mkono wa Temima ulikuwa umeshika kanzu yangu kama alivyoishika mbwa wa jirani alipopita, miaka kumi nyuma. Wa nne. Kisha kidole kikatua ukurasa wa tisa, na hakikufunua tena.

Alikaa kwenye ukurasa ule muda wote wa usomaji. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaivaa, akaanza tena kutoka juu. Ukumbi kweli ulikuwa na baridi, hapo alikuwa hasemi uongo. Ilipofika sala ya kusimama alifunga kijitabu, akakiweka chini ya kitabu chake cha sala ndani ya kisanduku cha kiti, akasimama pamoja na wengine. Uso wake haukunipa hata chembe ya habari.

"Nakwenda kwa Shulamit," Temima akanong'ona.

"Utakaa. Jumatatu ipite kwanza. Labda bibi hakutambua."

"Amesoma mara mbili."

"Utamtia mwanamke wa watu kiwewe siku mbili nzima, kwa faida gani?"

"Si wewe uliyetufundisha? Ukimkosea aliyekusimulia, wa kwanza kujua awe yeye."

"Nimewafundisha mambo mengi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mdogo.

Akaondoka. Nikamfuata, maana kumwacha aende peke yake kungekuwa uoga mara mbili.

Shulamit hakuwa anakuja sinagogi asubuhi. Hakuweza kukaa nyuma ya kisogo cha mama mkwe wake kwa muda wa saa tatu. Alitufungulia akiwa amefurahi, amevaa sweta la kazini lenye rangi za watoto.

"Sabato njema. Ingieni, maji yako moto. Mbona hivyo, kuna mtu amekufa?"

Temima alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba, mikono mitupu kwa sababu kijitabu hakibebeki, na kwa kuwa hakuweza kumwonyesha alichoandika, alikisoma kwa kichwa. Sahani thelathini. Kichupa. Uzi wa buluu. Ijumaa saa tisa. Hakuruka hata neno. Kisha akasema, "Nilificha kila kitu, nikasahau achari. Na Mama Gittel amesoma."

Shulamit alikaa. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa cha mtoto, cha kuchezea, na magoti yake yakapanda mpaka kifuani.

"Rudia pale pa simu," akasema.

Temima akarudia.

"Na hapo pia amesoma?"

"Mara mbili."

Nilitamani apige kelele. Angetutukana tungepumua. Alikuwa anavuta uzi mmoja uliochomoza kwenye sweta lake, anauzungusha kidoleni mpaka ncha ikawa nyeupe.

"Miaka minne," akasema taratibu. "Nimebakiza siku mbili. Usiku silali, naogopa atapata ajali njiani, naogopa atapata mafua, naogopa gari litaharibika. Hili sikuliogopa. Hili sikulifikiria kabisa."

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilisoma mimi, nikasifia."

Hakuniangalia. "Mama Gittel humpigia Gershon kila Jumamosi, nyota zikitoka tu. Hata mishumaa ya kufungia Sabato haijapoa. Miaka tisa nilikuwa mkewe, naijua ile simu." Akamtazama Temima. "Mimi siwezi kwenda kwake. Nikienda nimekiri ni mimi."

"Nitakwenda mimi," Temima akasema.

Mtoto anayeogopa lifti. Mama Gittel anakaa ghorofa ya tano, na siku ya Sabato lifti hatuipandi, kwa hiyo ile hofu moja alipunguziwa. Mimi ndiye niliyekufa kwa magoti. Bibi hulala mchana wa Sabato, kwa hiyo tulifika juu yapata saa kumi na mbili unusu jioni, na kwa dakika nzima nilihema ukutani huku Temima akiinua mkono kugonga na kuushusha. Mara ya tatu akagonga.

"Mlango uko wazi," sauti ikasema. "Nimewasikia tangu ghorofa ya pili. Nechama, unahema kama fahali."

Meza ilikuwa imeandikwa kwa chakula cha jioni cha Sabato: mkate, samaki, mayai. Katikati ya meza, wazi, nusu yake imeliwa, palikuwa na kichupa cha achari. Uzi wa buluu ulikuwa bado shingoni.

"Kaeni. Kuleni." Akakisukuma kichupa kwa kidole mpaka mbele ya Temima. "Onja hii. Unaijua?"

"Ni achari ya limau, bibi."

"Ya nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema, lakini kuandika umeweza."

Goti la Temima lilikuwa linagonga mguu wa meza, na kijiko ndani ya kichupa kikawa kinalia. Sote watatu tulikisikia.

"Niliandika vibaya," akasema. "Nilidhani nimemficha mtu, kumbe sikumficha."

"Mtoto wa Rosenhaus, nakuuliza tena. Mwanamke anayekaa karibu na simu ni nani?"

"Sisemi, bibi. Hata kama unamjua. Ukimtaja jina hapa mezani, sitasema ndiyo na sitasema siyo. Nimekuja kuomba jambo moja tu. Ulichosoma kiishie kwako."

Mama Gittel akageukia kwangu. "Haya ndiyo mnawafundisha huko? Kuja nyumbani kwa mtu kumwambia amfiche mwanawe?"

Miaka thelathini na mmoja ya takwimu haikunisaidia kitu.

"Gershon akiyasikia hayo hatapanda gari Jumatatu," akasema. "Namjua, nilimzaa mimi. Ana kichwa cha baba yake. Na mimi mwanangu simfichi kitu. Sijawahi. Mnanielewa?"

Dirishani mwanga ulikuwa unapungua. Niliona saa ya ukutani na nikaona Temima naye anaiona. Nilidhani sasa atalia, na kusema kweli nilitaka alie, labda machozi yangefanya ambacho maneno hayakufanya. Hakulia. Alifuta viganja kwenye sketi akauliza, kwa sauti ile ya kuhoji tuliyoifanyia mazoezi Jumapili nyingi, sauti isiyolaumu:

"Bibi, wewe Ijumaa saa tisa huwa unafanya nini?"

Kijiko kiliacha kulia. Mama Gittel akachukua kifuniko, akakifunga kichupa, akakikaza mpaka mishipa ya mkono ikamtoka.

"Nendeni," akasema. "Giza linaingia. Na mimi nina simu ya kupiga."

Tulishuka ghorofa tano. Nje, Temima aliinama akatapika kwenye theluji. Nilimshika paji la uso, nikatazama juu: nyota ya kwanza, ya pili, halafu ile ya tatu, inayofunga Sabato. Kwenye ghorofa ya tano taa ikawaka. Nilijua simu yake iko karibu na dirisha lile, na niliona kivuli chake kikisimama hapo. Tulibaki chini tukitazama mpaka miguu ikafa ganzi, na hatukuwa na njia ya kujua kama amepiga.

Jumapili, mbele ya watu tisini, wasichana saba walisoma kazi zao. Ilipofika zamu ya Temima alisimama akasema, "Nilifanya utafiti wangu, nikamponza mtu. Siwezi kuwaeleza namna gani, kwa sababu nikieleza nitamponza tena." Akakaa. Vijitabu vilibaki sandukuni, na kile cha arobaini nilikichukua mwenyewe kwenye kiti cha Mama Gittel nikakitia humo. Mwezi uliofuata vilizikwa na zaburi.

Usiku huo Temima hakulala, Shulamit hakulala, na mimi nilisugua jiko ambalo lilikuwa safi.

Jumatatu tulingoja kwangu. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Temima hakwenda shule, na mama yake alipopiga kuuliza nilimdanganya kwamba mtoto ana homa, ingawa kwa kumtazama haukuwa uongo sana. Saa tano kasoro, Shulamit aliingia bila kugonga, akaegemea mlango kwa mgongo kana kwamba kuna mtu anamfukuza.

"Alichelewa dakika ishirini na tano," akasema. "Nilikuwa nimeshasimama nitoke."

"Alikuja?" Temima akauliza.

"Alikuja. Marabi wakamuuliza kama anatoa kwa hiari yake. Akasema ndiyo. Wakaniambia nikinge mikono." Akaikinga, akatuonyesha, viganja viwili vitupu. "Akaidondosha hati humu. Nikatembea nayo mpaka mlangoni, kama inavyotakiwa. Nimeachika."

Temima akajifunika uso kwa aproni yangu. Lakini Shulamit hakuwa amemaliza, bado alikuwa mlangoni.

"Akanifuata ukumbini. Nilidhani ameshajua, nilidhani amekuja kunitukana, nikaanza kukimbia kwenye ngazi. Akaniita. Unajua aliniuliza nini? 'Mama ni mzima? Juzi hakunipigia. Jana nikapiga mimi, hakupokea. Ni mara ya kwanza maishani mwangu.'"

Nikakumbuka kile kivuli dirishani, kimesimama karibu na simu.

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Nikamwambia ni mzima. Nikamwambia labda ana mafua ya sauti."

Temima alitoa uso kwenye aproni. Macho yalikuwa mekundu, pua inamtiririka, na bado, Mungu wangu, alikuwa na swali.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa haijafika," Shulamit akasema.

Ilipofika hakukaa kungoja. Saa tisa kamili alipiga yeye kwa Mama Gittel. Simu ililia mara moja tu, ikapokelewa.